"Kazi yako ni kuwatawaza tu": jibu kwa mwalimu msaidizi wa Mafinga, mkoani Iringa

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Nina miaka 22, nilimaliza kidato cha nne, na tangu Januari ni mwalimu msaidizi kwenye kituo cha kulelea watoto hapa Mafinga. Tuna watoto 38, wa miaka miwili hadi mitano. Mwalimu ni mmoja, na mimi. Nilidhani nitafundisha, lakini kazi yangu imekuwa kuwapeleka chooni, kuwatawaza, kuwanywesha uji, kuwalaza na kuwafuta kamasi. Juzi nilikuwa namwelekeza mtoto kushika penseli, mwalimu akaniambia mbele ya watoto, 'Wewe kazi yako ni kuwatawaza tu, kufundisha niachie mimi.' Wazazi wananiita dada, na watoto hawanisikii mpaka nishike fimbo. Mwalimu msaidizi kazi yake hasa ni nini? Na je, kuna njia ya kuwa mwalimu kamili, au nitafute kazi nyingine?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maneno hayo. Hayakupaswa kusemwa mbele ya watoto, na baadaye nitakueleza namna ya kuyazungumza na mwalimu wako bila ugomvi. Lakini nianze na jambo ambalo wewe na yeye mnakubaliana bila kujua. Nyote wawili mnaamini kwamba kutawaza, kunywesha uji na kulaza ni kazi moja, na kufundisha ni kazi nyingine iliyo juu yake. Mnachogombania ni nani akae juu na nani akae chini. Kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka huo haupo.

Tazama Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016. Ulitaja umahiri sita ambao mtoto anatakiwa kujengewa: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kutumia dhana za kihisabati. Kushika penseli kulikuwa kipande kidogo sana humo. Kutunza afya kulipewa nafasi yake kamili, bega kwa bega na hesabu. Sasa jiulize, mtoto anajifunza kutunza afya akiwa wapi? Anajifunza akiwa amechuchumaa chooni na wewe umesimama karibu, anajifunza kwenye kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia mikono, akipaka sabuni, anajifunza akipenga kamasi. Saa hizo mwalimu wako hayupo. Upo wewe.

Kituo chenu ni cha kulelea watoto mchana, kwa hiyo kinasimamiwa na Ustawi wa Jamii na si idara ya elimu kama darasa la awali la shule ya msingi. Hilo nalo linakupa nguvu. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile inayoandikwa kwa kifupi PJT-MMMAM, kwa watoto tangu tumboni hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hesabu mwenyewe kwa siku moja ni nguzo ngapi zinapita mikononi mwako. Zote tano, na nyingine zinapita kwako zaidi kuliko kwa mwalimu.

Hiyo ya tatu, malezi yenye mwitikio, ndiyo moyo wa kazi yako. Maana yake mtoto akitoa ishara, awe amelia, amenyamaza ghafla au ameelekeza kidole, mtu mzima aione, aielewe, na aijibu palepale. Mwalimu aliye mbele ya watoto 38 hawezi kufanya hivyo kwa kila mmoja, hata awe na shahada mbili. Anaona kundi. Msaidizi yupo ili kila mtoto, kwa dakika chache kila siku, aonekane peke yake. Ukiniuliza kazi yako kwa sentensi moja, ni hiyo. Mengine yote ninayokuandikia ni namna ya kuifanya.

Nianze na chooni, kwa sababu ndiko kunakodharauliwa kuliko kote.

Nimefundisha wasaidizi Iringa, Njombe na Mbeya kwa miaka mingi, na nimeona kazi hii ikifanywa kwa namna mbili. Ya kwanza: watoto wote wanapangwa mstari, wanavuliwa, wanachuchumazwa, wanamwagiwa maji na kuvalishwa, mdomo wa mlezi umefungwa, macho yake yako kwa yule anayefuata. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Mtoto ameondoka safi, na amejifunza kwamba mwili wake ni mzigo wa mtu mwingine, unaguswa na kugeuzwa bila yeye kuambiwa neno.

Namna ya pili, unawachukua watano au sita, wale wenye haja, wengine wanaendelea na mchezo. Kabla ya kumgusa mtoto unamwambia. "Sasa tunashusha suruali. Wewe vuta upande huu. Sasa maji, yana baridi kidogo." Msichana unamfundisha kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usimletee maambukizi ya njia ya mkojo. Sehemu za mwili unazitaja kwa majina ya heshima lakini yaliyo wazi. Mtoto aliyezoea kuambiwa kabla ya kuguswa atashtuka siku mtu atakapomshika kwa siri, na atakuwa na maneno ya kukueleza ameshikwa wapi. Huo ni ulinzi wa mtoto, na hauna ubao wala chaki.

Hapo hapo kuna hesabu. Kwanza tunavua, halafu tunachuchumaa, mwisho tunanawa: mpangilio wa matukio. Vikombe viwili vya maji, kimoja kwa mkono huu, kimoja kwa huu. Na kuna lugha, kwa sababu mtoto anazungumza zaidi na mtu anayemjali kuliko na mtu anayemwuliza maswali mbele ya wenzake.

Jambo la pili ni sweta. Mafinga ya Juni na Julai naijua. Watoto wanafika wamevaa masweta mawili, soksi, kofia, na jua likitoka saa nne yote yanatakiwa kuvuliwa, kisha saa nane yanarudishwa. Watoto 38 mara masweta mawili: kishawishi cha kuwavalisha wewe mwenyewe ni kikubwa. Kipinge. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya yale mtoto anayoweza peke yake na yale asiyoweza kabisa kuna eneo la katikati: yale anayoweza akisaidiwa. Anachokiweza leo kwa msaada wako, kesho atakiweza bila wewe. Msaidizi anaishi kwenye eneo hilo, ndiyo maana jina lenu nalipenda.

Ukitaka kumfundisha sweta, anzia mwisho. Mvalishe kichwa na mikono yote, mwachie yeye kazi moja tu ya kulivuta chini hadi tumboni. Amemaliza yeye, kwa hiyo amefaulu yeye, na utaona uso wake. Wiki ijayo mwachie mkono mmoja na kuvuta. Wiki inayofuata mikono miwili. Ukianzia mwanzo, atakwama kichwani, atalia, na utamvalisha wewe kila siku hadi aende darasa la kwanza. Hivyo hivyo kwa viatu, zipu na kufunga mfuko. Itachukua muda mrefu zaidi kwa wiki tatu, halafu utashangaa jinsi saa nane ilivyokuwa nyepesi.

Maadamu tumetaja baridi, nakuomba kitu kimoja kwa msisitizo wote nilio nao. Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba cha watoto. Nimeingia kwenye kituo kimoja, sitakitaja, watoto wamelala mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, jiko katikati linawaka vizuri bila moshi. Mlezi aliona amewahurumia. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na mtoto aliyelala haamki kukuambia kichwa kinauma. Tuliwatoa nje wote, wawili walitapika, na namshukuru Mungu ikaishia hapo. Kama mmiliki wenu ana desturi hiyo, hili usilinyamazie kwa kuogopa cheo chako. Blanketi, mkeka juu ya godoro, uji wa moto na mlango uliofungwa upande wa upepo vinatosha.

Sasa uji. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa watoto 56.9 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, wakati wastani wa nchi ni 30. Sisi ndio tunaolima mahindi, maharage, viazi na parachichi yanayokwenda kwa wengine. Chakula kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukaa na mtoto akila. Mama ameondoka alfajiri kwenda kuchuma chai au shambani, mtoto ameachiwa ugali na mboga ya majani, tumbo dogo linajaa haraka kabla hajapata nguvu ya kutosha, na mlo unaofuata ni jioni.

Nisikudanganye: udumavu unajengeka zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na wengi wa watoto wako wameshapita hapo. Huwezi kuufuta kwa kikombe cha uji. Lakini mtoto aliyedumaa ndiye anayehitaji zaidi kuzungumzishwa, kuchezeshwa na kulishwa kwa subira, maana bado anakua, na ubongo wa mtoto hufika takriban asilimia 90 ya ukubwa wa utu uzima akiwa na miaka mitano hivi. Kwa hiyo wakati wa uji kaa chini pamoja nao. Usisimame na jagi. Angalia nani anakunywa na kumaliza kwanza akitazama vikombe vya wenzake. Huyo huenda hakula kitu tangu jana. Angalia nani anabakiza kila siku. Usimshike mtoto pua umlazimishe. Atachukia kikombe na wewe pia. Mwambie mwalimu au mpishi aongeze kijiko cha karanga zilizosagwa, au parachichi lililopondwa, kwenye uji unaokuwa mzito kwa unga peke yake. Karanga nzima, punje za mahindi ya kuchoma na vipande vya muwa usiwape hawa wadogo, vinakaba koo. Na kama mtoto anafika ananuka ulanzi, ile pombe ya mianzi, msimu wake ukiwadia, usicheke na wengine. Andika tarehe na mwambie mwalimu siku hiyo hiyo.

Lugha ni eneo ambalo msaidizi mzaliwa wa hapa anamshinda mwalimu aliyetoka mbali. Mtoto wa Mufindi vijijini anakuja na Kihehe, wa Njombe na Kibena, wa Rungwe na Kinyakyusa, na Kiswahili cha kituoni kinamzidi. Niliwahi kuona Tukuyu mtoto wa miaka minne aliyekaa wiki tano bila kusema neno. Mwalimu alishaanza kumwambia mama yake ampeleke hospitali. Asubuhi moja msaidizi, bibi mmoja aliyekuwa na elimu ya darasa la saba, alimwinamia akamsalimu, "Ugonile." Mtoto akajibu, kisha akaongea mfululizo mpaka uji ukapoa. Hakuwa mgonjwa. Hakuna aliyekuwa amemgongea mlango wake. Wewe una "kamwene" yako, salamu ya Kihehe, itumie asubuhi mlangoni, kisha mpeleke kwenye Kiswahili taratibu.

Namna ya kumpeleka ni rahisi: chukua alichosema, kirudishe kikiwa kirefu kidogo. Pale kwenu malori ya magogo ya msitu wa Sao Hill yanapita siku nzima. Mtoto anasema, "Gari." Usimwambie "sema vizuri." Mwambie, "Ndiyo, gari kubwa limebeba magogo." Kesho atasema, "Gari kubwa." Wewe, "Gari kubwa linapanda mlima polepole." Na ukiuliza swali, nyamaza uhesabu moyoni hadi tano. Watu wazima wengi hujibu wenyewe baada ya sekunde moja, halafu wanasema mtoto hajui.

Vifaa vya kuchezea sitakaa navyo sana, umezungukwa navyo: magunzi, vifuniko vya soda, mbegu za parachichi, vipande vya mianzi vilivyosuguliwa visichome, udongo wa kufinyanga. Kuosha, kukagua na kupanga kona za ujifunzaji kabla watoto hawajafika ni kazi yako halali. Kitu chochote kinachoingia chote mdomoni mwa mtoto wa miaka miwili kiondoe kwenye kona yake.

Nifike kwenye kitu kitakachobadilisha nafasi yako hapo kituoni kuliko kitu kingine chochote: daftari.

Mwaka mmoja, kwenye kituo kimoja mkoani Iringa, kulikuwa na kijana wa kama miaka mitatu na nusu aliyeitwa mkaidi. Akiambiwa "kaa," hakai. Akiitwa, haji. Alichapwa. Msaidizi wake alikuwa binti wa umri wako. Nilikuwa nimewaomba wasaidizi wote waandike mistari miwili kwa siku kuhusu mtoto mmoja, bila kuhukumu, wanachokiona tu. Hakuandika "mkaidi." Aliandika: "Jumatatu, nilimwita nikiwa nyuma, hakugeuka. Jumanne, nilimwita nikiwa mbele yake, alikuja. Jumatano, mto wake una doa la njano upande wa kulia. Ijumaa, analala sikio la kushoto likiwa juu, kelele ikitokea anaamka. Akilalia la kushoto haamki." Mistari hiyo ilimpeleka mtoto hospitalini. Alikuwa na usaha masikioni, ule unaoanza na kamasi zisizoisha za baridi yetu, na alikuwa anasikia kwa shida. Alitibiwa. Ukaidi ulikwisha.

Mwalimu hakuweza kuliona hilo akiwa mbele. Aliyeona ni yule anayelaza na kufuta kamasi. Ndiyo maana nakwambia usiione kazi hiyo kama adhabu. Ni mahali pazuri kuliko pote pa kumwona mtoto.

Andika ulichokiona na kukisikia, pamoja na siku na saa. Usiandike "mvivu," "mchokozi," "mtundu." Usiandike "ana ugonjwa fulani," maana hilo si lako kusema, na mzazi usimwambie kamwe kwamba mwanawe "ana tatizo." Peleka ulichoandika kwa mwalimu, yeye azungumze na mzazi. Na daftari lisizagae. Ni siri za watoto wa watu.

Wakati wa kipindi cha mwalimu, usisimame mlangoni wala usikae nyuma na simu. Kaa kwenye kiti kidogo au mkekani, ubavuni, karibu na wale wanaopotea haraka. Ukiona mtoto hajaelewa, mnong'oneze, umwoneshe kwa kidole, usimfanyie. Mwalimu akikosea, hata kama amekosea kweli, usimrekebishe mbele ya watoto. Na hapa nadhani ndipo jambo la penseli lilipoharibika. Pengine yeye alikuwa ameshaamua mtoto huyo achore kwanza kwa kidole au chaki nene, jambo ambalo ni sahihi kwa mkono mchanga, na hukujua kwa sababu hakukuambia. Kosa lake ni kutokukushirikisha mpango wa siku, na kukufokea hadharani. Kosa lako, kama lipo, ni dogo: hukuuliza.

Basi muulize. Subiri watoto waondoke, usimwendee akiwa na hasira au mbele ya mmiliki. Mwambie, "Mwalimu, naomba dakika tano zako. Juzi nilipomwelekeza mtoto penseli sikujua mpango wako, nisamehe. Naomba kila asubuhi uniambie mambo mawili: leo tunataka watoto waweze nini, na nimwangalie nani zaidi. Jioni nitakupa nilichokiona. Na nikikosea, nakuomba univute pembeni, watoto wakiniona nafokewa hawanisikii." Hiyo ya mwisho iseme kwa upole lakini iseme. Watoto wadogo husoma nani anaheshimiwa kwa kutazama watu wazima wanavyoongea, na hiyo ni sababu mojawapo ya wewe kuhitaji fimbo.

Fimbo yenyewe iweke chini kuanzia kesho. Mtoto wa miaka mitatu hawezi bado kujizuia kama mtu mzima; sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asifanye la kwanza linalomjia inakomaa kwa miaka mingi. Ukimchapa atatulia ukiwepo. Badala ya kupiga kelele toka upande wa pili wa chumba, mwendee, chuchumaa, mtaje jina, mwambie afanye nini. "Tembea" inaeleweka kuliko "usikimbie." Waambie mapema kabla ya kubadilisha shughuli: "Tukimaliza kujenga mnara huu tunakwenda kunawa." Anayeng'ata wenzake, hasa wa miaka miwili, mara nyingi hana maneno ya kusema "changu" au "sogea." Tazama anang'ata saa ngapi. Nimeona mara nyingi ni nusu saa kabla ya uji, na dawa yake ikawa kuwahisha uji.

Kuna mipaka ambayo lazima uijue. Usimpe mtoto dawa kwa maneno ya mzazi ya mlangoni. Iandikwe, jina, kipimo na saa, na mwalimu ajue. Asubuhi mpokee kila mtoto kwa kumtazama macho, kumgusa paji la uso na kumwuliza aliyemleta amelalaje. Mwenye homa asiachwe. Jioni usimkabidhi kwa bodaboda usiyemfahamu kwa sababu amesema ametumwa. Jina lake liwe kwenye daftari la kukabidhi. Ukiona alama za kipigo, au mtoto akikueleza jambo la aibu alilofanyiwa, msikilize bila kumhoji sana, andika maneno yake kama alivyoyasema, mwambie mwalimu siku hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anatendewa vibaya atoe taarifa. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.

Mpaka mwingine ni wako wewe. Sera inataka darasa la awali liwe na watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na walio wadogo zaidi wanahitaji mikono mingi kuliko hapo. Watoto 38 wenye wa miaka miwili ndani yake ni wengi hata kwenu wawili. Kama mwalimu anaondoka na kukuachia wote nusu siku huku ukipika, huo si usaidizi tena na si salama. Mweleze mmiliki kwa hesabu, si kwa malalamiko.

Kuhusu kuendelea: usiache kazi sasa. Baadhi ya vyuo vya maendeleo ya wananchi vina kozi za malezi ya watoto wadogo. Kwenye ukanda wetu kuna Ilula, Ulembwe na Nzovwe, nenda ukaulize kilichofunguliwa mwaka huu na ada yake. Ukitaka kuwa mwalimu wa awali shuleni, njia ni chuo cha ualimu. Nenda na matokeo yako ya kidato cha nne, uulize sifa za kuingia za mwaka huu na kama unahitaji kusoma zaidi kwanza. Chuo chochote binafsi kinachokuahidi cheti cha haraka, hakikisha kwanza kina usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata shilingi. Muulize pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako kuhusu mafunzo ya walezi. Wao ndio wanaoshughulikia usajili wa vituo na wanajua nani anafundisha.

Na la "dada," waache wazazi wakuite hivyo. Mzazi anayekuita dada atakuambia mlangoni mambo ambayo mwalimu hatayasikia: kwamba baba amesafiri, kwamba usiku hakulala, kwamba kuna mtoto mpya nyumbani. Yabebe hadi ndani, yanaeleza nusu ya vilio vya asubuhi.

Jumapili hii nunua daftari la kurasa 40. Chagua mtoto mmoja tu, na usimchague anayekusumbua; mchague yule ambaye ukifumba macho sasa hivi ukijaribu kukumbuka amefanya nini leo, hukumbuki kitu. Mistari miwili kwa siku, kwa wiki mbili. Kisha niandikie unieleze umeona nini.